Kimto cha sindano: Viraka vya kitenge vyazua kasheshe kibarazani!

Ncha za vidole vyangu zinawasha kwa kuchomwachomwa. Wiki hii mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele tunayaweka pembeni. Tunaongea viraka na sindano.

Nakusikia unaguna: "Huyu naye kaishiwa!" Tulia mshikaji. Humu ndani kuna mshiko kidogo, kuna usalama wa miguu ya watoto, na kuna kasheshe moja la kibarazani ambalo nusura lilete ngumi. Twende taratibu.

Pita kwenye kibaraza chochote cha fundi cherehani jioni anapofunga kazi, iwe Kariakoo, Manzese, Temeke au Mbagala. Usimtazame fundi, tazama chini. Utaona vipande vya kitenge, khanga, batiki na satini. Kimoja saizi ya kiganja, kingine saizi ya kiberiti. Ile rangi yote, yale maua yote! Binti anayejifunza kazi anashika fagio, anasukumia kwenye kiroba, kesho yake ni jalalani. Kitambaa mtu kakinunua kwa jasho lake, sehemu yake inakwenda kulala na maganda ya ndizi.

Leo nataka tuviokote hivyo vipande. Tutashona kitu kidogo tu, kimto cha kuchomekea sindano na pini.

SINDANO YENU INALALA WAPI?

Nikuulize swali, na usijibu haraka. Nyumbani kwenu sindano inalala wapi? Kwa wengi wetu inalala kwenye pazia, kwenye ukingo wa godoro au kwenye kalenda ya ukutani. Mafundi wengine wanazibana pini mdomoni huku wanapiga stori na mteja. Akicheka tu, imekwenda hiyo! Wengine wanazichomeka kifuani kwenye shati, wakifika nyumbani wanasahau, wanambeba mtoto.

Na sisi wa uswahilini tunajijua. Chumba ni kimoja: hapo hapo kitanda, hapo hapo jiko, hapo hapo mkeka wa watoto. Kuna jirani yetu, mwanawe wa miaka minne alikanyaga sindano iliyodondoka kutoka kwenye pazia. Nusu ikatoka, nusu ikabaki ndani ya kisigino. Bibi mtu akaja juu na wembe, anataka kuichokonoa. Mama mtoto akakataa katakata, akambeba mpaka hospitali. Wakapiga picha, wakaitoa, na mtoto akachomwa sindano ya pepopunda. Yaani sindano juu ya sindano! Wiki nzima dogo anachechemea.

Kwa hiyo hili lishike hata kama mengine yote utayasahau: sindano ikivunjikia mwilini, usiichokonoe kwa wembe wala kwa sindano nyingine. Unaweza kuizamisha zaidi. Nenda hospitali, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Ila ni rahisi zaidi kuipa sindano mahali pa kulala, au siyo?

KITU CHENYEWE KINA HISTORIA

Usidhani kimto cha sindano ni mchezo wa watoto. Huko Ulaya kina karne nyingi. Zamani pini zilitengenezwa kwa mkono na zilikuwa na bei, hivyo mtu alizitunza kama tunavyotunza vocha. Mwaka 1776 Mskochi mmoja, Adam Smith, alitoa kitabu kikubwa cha uchumi, na mfano wake wa kwanza kabisa ulikuwa kiwanda cha pini. Alisema mtu mmoja asiye na ujuzi wa kazi hiyo, akiachiwa peke yake, asingeweza kutengeneza hata pini 20 kwa siku. Lakini watu 10 wakigawana kazi, huyu ananyoosha waya, yule anakata, mwingine anachonga ncha, kwa siku wanatoa zaidi ya pini 48,000. Mashine zilipokuja bei ikashuka zaidi, na ndipo tukaanza kuzidondosha ovyo kwenye mikeka.

Labda umewahi kukiona kile kimto chekundu chenye umbo la nyanya, pembeni kananing'inia kastroberi kadogo. Hicho kilivuma Uingereza na Marekani karne ya 19, enzi za Malkia Victoria. Ile stroberi si pambo. Ndani ina unga mgumu wa kunolea. Unachomeka sindano mara kadhaa, inatoka inang'aa na makali yamerudi. Kazi yake ni kama ya msasa. Na huo msasa wenyewe, kwa taarifa yako, asili yake ni mti. Majani yake yanakwaruza, na maseremala wa kwetu waliyatumia kusugulia mbao kabla karatasi ya msasa haijafika dukani.

Na kwa wale wanaodhani kiraka ni alama ya ufukara tu, nawapeleka Alabama, Marekani, kwenye kijiji kinachoitwa Gee's Bend. Kina mama wa pale, wajukuu wa watumwa waliolima pamba, walikuwa wakiunganisha viraka vya nguo kuukuu za shambani kupata mablanketi ya kujifunika baridi. Hawakuwa na habari na ujiko. Mwaka 2002 mablanketi yao yakaonyeshwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikayaweka kwenye stempu. Viraka vile vile ambavyo wewe unavifagia!

SASA KASHESHE LENYEWE

Kuna sista mmoja mtaani kwetu, tumemaliza naye kidato cha nne mwaka mmoja. Jina lake nalifungia kabatini. Matokeo yake yalipotoka hayakuwa ya kuonyesha wageni. Mama yake akapokea zamu yake ya upatu, akaichukua yote na kumlipia ada kwa fundi mmoja wa jirani ili mwanawe ajifunze kushona.

Miezi mitatu ya kwanza unajua alijifunza nini? Kufagia. Kufuata chai na vitumbua. Kuwasha pasi ya mkaa. Cherehani alikuwa anaitazama kama televisheni ya jirani, kwa mbali, bila kugusa. Akimwambia fundi, "Naomba nijaribu," jibu ni lile lile: "Kitambaa cha mteja hakina spea."

Ukitaka ukweli, fundi hakukosea. Kitenge cha watu ukishakikata vibaya hakirudi. Lakini na ada ya upatu nayo hairudi! Sasa mtu atajifunzia wapi?

Sista akapata akili. Badala ya kuvisukuma viraka kwenye kiroba, akawa anavichambua na kubeba vile vya pamba. Usiku, mdogo wake akishalala, anakaa chini ya taa na kushona kwa mkono vimto vya sindano. Cha kwanza nilikiona kwa macho yangu. Kilikuwa kimepinda upande kama kitumbua kilichobandikwa vibaya, na kilikuwa kinavuja vumbi la mbao. Cha pili kikapasuka mshono. Cha tano kikasimama. Cha nane, mshikaji, ungesema kimetoka dukani! Pembe zimekaa, viraka vinne vimekutana katikati bila kuachana hata nywele moja. Akakifungia lastiki, akakivaa mkononi kama saa, akaenda nacho kazini.

Fundi akakiona. Akamwambia avue. Akakigeuza, akavuta mshono kwa kucha, akakibonyeza. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi akamtupia sketi na kumwambia: "Piga pindo." Miezi mitatu ya kubembeleza haikufua dafu, lakini kimto cha viraka kikafungua mlango.

Laiti stori ingeishia hapo!

Ijumaa ile ile akaja mama mmoja kuchukua gauni lake la kichen pati. Kitenge chake kilikuwa cha bei mbaya, kile chenye ndege wa bluu. Akalijaribu gauni, likambana kidogo kiunoni. Anageuka kulalamika, macho yakatua kwenye mkono wa sista. Ndege wa bluu hao, wametulia na pini mgongoni!

"Heee! Kumbe ndiyo maana gauni linanibana! Kitambaa changu mmekigeuza bangili?"

Hapo unajua mwenyewe. Hakuna mtu mjini ambaye hajawahi kuhisi kuwa fundi kamlia kitambaa. Dakika mbili kibaraza kimejaa. Kila mpita njia ana kesi yake ya zamani na fundi wake, na wote wanataka ihukumiwe hapo hapo. Kijana mmoja muuza maji akaanza kusema "wapelekwe, wapelekwe," bila kujua hata wapelekwe wapi.

Fundi, kwa kweli nampa heko, hakupandisha sauti. Alichukua kiroba, akakimwaga mezani, akachambua vipande vyote vya ndege wa bluu. Akampa mama futi ya kupimia na kumwambia apime mwenyewe. Hakuna kipande kilichozidi kiganja. Kisha akafungua pindo la ndani la kiuno, akamwonyesha akiba ya kitambaa aliyoiacha humo ili gauni liweze kuachiwa. Mama akapoa. Lakini kabla hajaondoka alimgeukia sista na kumwambia maneno ambayo mimi nimeyaandika kwenye daftari langu:

"Mwanangu, ungeniomba ningekupa. Sasa hukuniomba."

Akanyoosha mkono. Sista akakivua kimto chake cha nane, kile kizuri kuliko vyote, akamkabidhi. Kibaraza chote kimya.

Hapa ndipo wiki hii nataka tusimame. Wengi tunaona kipande kilichodondoka chini hakina mwenyewe. Si kweli. Kwetu mteja ndiye analeta kitambaa, kwa hiyo kiraka ni chake mpaka aseme "chukua." Udogo wa kitu hauondoi mwenyewe. Siku hizi pale kibarazani mabaki ya kila mteja yanafungwa fungu kwa utepe wa kitambaa hicho hicho, na anaulizwa siku ya kuchukua nguo. Wengi wanasema, "Ya nini hayo, chukueni!" Wachache wanabeba. Na ugomvi wa kuliwa vitambaa umepungua, maana mtu anaona kwa macho kilichobaki.

Yule mama? Baada ya wiki mbili alirudi na mfuko wa vipande vya magauni yake ya zamani. Akamwambia sista: "Haya, hivi nimekupa kwa mkono wangu."

KAZI KWAKO SASA

Haya, tafuta viraka vya halali tushone. Chagua vya pamba kama kitenge na khanga. Satini inateleza na itakukatisha tamaa mapema.

Kwanza, chukua boksi gumu, kata mraba wa sentimita 6 kila upande. Huo ndio kipimo chako. Kwa chaki ya fundi chora na kata miraba 8, minne ya juu na minne ya chini.

Pili, unga miraba miwili miwili, uso kwa uso, ukiacha nusu sentimita pembeni. Kisha unga jozi mbili ziwe kipande kimoja cha viraka vinne. Mishono ya katikati ikutane. Usipokutana fumua, usijizuge. Piga pasi. Kipande chako sasa kina sentimita 11 kila upande. Fanya hivyo hivyo kwa upande wa chini.

Tatu, laza vipande viwili uso kwa uso, shona kuzunguka na acha mdomo wa sentimita 4. Kila baada ya hatua chache rudisha sindano nyuma ili mshono ushike. Punguza ncha za pembe, kisha geuza.

Nne, shona kifuko cha ndani cha saizi hiyo hiyo kwa kitambaa cha marekani, nacho ukiache mdomo. Bila kifuko hiki vumbi litavuja, na ndilo lililompata sista. Na unajua kwa nini tunaita marekani? Karne ya 19 meli za kutoka Salem, Massachusetts zilikuwa zinakileta kitambaa hicho Zanzibar, na jina la nchi likabaki kwenye jora.

Tano, ingiza kifuko ndani ya viraka, midomo ikutane, jaza kwa kutumia karatasi uliyoikunja kama ya karanga. Shindilia kwa mpini wa mwiko. Ukidhani kimejaa, bado! Kiwe kigumu kama embe bichi. Funga midomo yote miwili kwa mkono.

Sita, pitisha uzi imara wa mara mbili katikati, kifungo juu, kifungo chini, vuta mpaka kibonyee. Tayari. Ukitaka cha kuvaa mkononi, usiweke kifungo cha chini. Weka lastiki, na chini yake shonea kipande cha plastiki ngumu, mfano kifuniko cha majarini. Bila hicho, sindano itapita mpaka kwenye mshipa na utanilaani.

UJAZE NINI?

Vumbi la mbao ni bora kwa mfuko wako, maana kwa seremala ni bwerere. Lichekeche, lianike juani siku mbili. Joto la Dar lina unyevu, na vumbi bichi litazitia pini kutu. Ukipata sufu ya kondoo, hiyo ndiyo mfalme, kwa sababu ina mafuta yake ya asili yanayozuia kutu. Pamba ya msufi ni laini lakini nyepesi, kimto kinakuwa kinarukaruka mezani. Changanya na vumbi. Mchanga uliooshwa na kukaushwa unafaa kuongeza uzito chini. Pumba, mchele na mahindi usithubutu: utawaalika wadudu, na panya atakuja kukaa kabisa. Stilwaya ya kusugulia sufuria nayo acha, ikipata unyevu inaota kutu yenyewe kwanza.

NA MSHIKO JE?

Sikudanganyi. Kimto cha sindano hakitakulipia kodi ya chumba. Tuseme unauza buku mbili, vimto 10 ni Sh 20,000. Toa uzi, vifungo, lastiki na nauli ya kuvizungusha. Halafu hesabu saa zako: cha kwanza kinakula saa mbili nzima, ukizoea unashuka chini ya saa moja. Wateja nao si wengi. Kuna mafundi wenyewe, wanafunzi wa ushonaji, na kina mama wanaopenda vitu vizuri mezani. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo andika kila senti kabla hujajiita mfanyabiashara.

Faida kubwa iko mahali pengine. Kimto ni mtihani. Kina kupima, kukata, kuunga, kugeuza, kujaza na kufunga, vyote kwenye kitu cha kiganja. Ukiharibu umeharibu kiraka, hukuharibu kitenge cha mtu. Na ukifaulu unacho cha kuweka mezani mbele ya fundi bila maneno mengi. Kwa sisi tuliotoka kidato cha nne na cheti cha kuficha, hicho nacho ni cheti.

Na nyie masela wa kijiweni mnaocheka eti sindano ni mambo ya kike, hebu pitieni vibaraza vya Kariakoo muwahesabu mafundi. Wengi ni wanaume wenye ndevu zao, na wanasomesha watoto kwa sindano hiyo hiyo. Cheka ukimaliza, kisha uniambie kijiwe chako kimekulipa shilingi ngapi mwezi huu.

Kwa leo yametosha. Kabla hujalala, nenda kwenye pazia lenu, chomoa sindano. Kama kimto bado hujashona, itie kwenye kopo lenye kifuniko, liweke juu dogo asipofika. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Baadaye!